Mchawi si fani

Kila nikikaa na wapenzi wa michezo ya kuigiza ya mezani, haipiti nusu saa ubishi ule ule haujaanza. Kati ya wahusika wanaotumia nguvu za kichawi, nani amependelewa na kanuni? Aliyezisomea nguvu zake kitabuni, aliyezaliwa nazo, au aliyezipata kwa kuingia mkataba na kiumbe asiyeonekana? Hapo vikokotoo vinatoka. Huyu anapiga hesabu ya madhara kwa kila zamu, yule anahesabu ndumba ngapi kwa siku, na siku hizi kuna mpaka majedwali yenye rangi, utadhani tunagawa bajeti ya halmashauri.

Msimamo wangu ni kwamba wote hao wanapima kisichopimika. Nguvu za kichawi, ziwe za mezani au za riwayani, hazitalingana kwa tarakimu hata tukeshe. Kinachozisawazisha ni jambo jingine kabisa: mwenye nguvu anawajibika kwa nani, na nguvu zake zinaishia wapi. Tena sisi wa huku Kasulu na Kibondo ndio tuliopaswa kulisema hili mapema, kwa sababu Waha walikuwa na mpangilio wa namna hiyo miaka mingi kabla ya Dungeons & Dragons kuchapishwa. Badala yake tunaiga majedwali ya wenzetu, na tukifika kwenye kutafsiri tunachukua neno moja, mchawi, tunambandika kila mtu. Neno hilo huku kwetu lina damu. Nitalifikia.

Kwa msomaji asiyeijua michezo hii, nieleze haraka. Watu wanne au watano wanazunguka meza wakiwa na karatasi, penseli na dadu. Mmoja anaongoza hadithi, wengine kila mtu ana mhusika wake, na jambo lenye mashaka linaamuliwa kwa kurusha dadu. Mchezo ulioanzisha mkondo huu ni huo Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kila mhusika ana fani: mpiganaji, kuhani, mtumia uchawi na kadhalika. Kwangu mimi ni riwaya inayotungwa kwa mdomo na watu watano wasiokubaliana, ndiyo maana naona inastahili kujadiliwa kwenye ukurasa wa fasihi kama huu.

Na kweli mizizi yake ni ya kifasihi. Mchawi wa mchezo ule wa kwanza alitolewa kwenye vitabu, hasa hadithi za Jack Vance, ambaye kitabu chake The Dying Earth kilitoka mwaka 1950. Kwa Vance, msomi wa nguvu hizo anaikariri ndumba kwa taabu, anaitamka mara moja, kisha inafutika kichwani. Lazima arudi kitabuni aanze upya. Mtu yeyote aliyewahi kukariri usiku kucha kwa ajili ya mtihani, akaingia, akajaza karatasi, na keshoye hakumbuki hata kichwa cha mada, anamwelewa vizuri sana mhusika huyo.

Mwaka 1974, ukimweka kuhani pembeni, mtumia uchawi alikuwa wa aina moja tu, na alilipia. Mpiganaji alihitaji pointi 2,000 za uzoefu kupanda ngazi ya pili; mtumia uchawi alihitaji 2,500. Alianza akiwa dhaifu kiasi kwamba pigo moja la panga lilimtosha. Akifanikiwa kuishi mpaka ngazi za juu, anatisha. Huo ulikuwa mzani wa kikatili kidogo, lakini ulikuwa mzani: nguvu kubwa, safari ndefu, na uwezekano mkubwa wa kufia njiani.

Kisha mwaka 2000 likaja toleo la tatu. Jedwali la uzoefu likawa moja kwa fani zote. Papo hapo akaongezwa yule mwenye nguvu za kuzaliwa, na mwaka 2004, kwenye kitabu cha nyongeza, akaingia mtu wa mkataba. Gharama imepunguzwa, idadi ya wenye nguvu imeongezwa, halafu watu wakashangaa kwamba wapiganaji wamebaki kubeba mizigo na wachawi wanagombana wao kwa wao. Mwaka 2008 toleo la nne likajaribu dawa kali: karibu kila fani, hata ya mpiganaji, ikapewa muundo ule ule wa uwezo, mwingine wa kila wakati, mwingine wa mara moja kwa pambano, mwingine wa mara moja kwa siku. Tarakimu zikatulia. Malalamiko nayo yakabadilika, watu wakasema fani zote zimekuwa na ladha moja, kama wali wa harusi ya watu mia tano. Toleo la tano, mwaka 2014, likarudi nyuma.

Hebu tuzitazame tarakimu za toleo hilo la 2014, kwa kuwa ndizo zinazorushwa sana kwenye ubishi. Msomi wa kitabu anaanza na ndumba 6 na kila ngazi anaongeza 2, kwa hiyo akifika ngazi ya 20 ana 44 kitabuni, kabla hujahesabu alizonakili kwa wengine. Mwenye nguvu za kuzaliwa, kwenye ngazi hiyo hiyo, anajua 15. Basi. Mtu wa mkataba naye anajua 15, na hata huko juu kabisa ana nafasi 4 tu za kuzitumia, ingawa zinarudi kila akipumzika kidogo. Ukiishia hapo utamlilia yule aliyezaliwa nazo.

Lakini soma ukurasa unaofuata. Kitabu cha msomi kinaweza kuungua. Kinaweza kulowa, kuibiwa, kusahaulika kwenye basi. Kunakili ndumba kunakula saa 2 na sarafu 50 za dhahabu kwa kila daraja la ndumba hiyo. Mtu wa mkataba ana bwana wake, ambaye kwa mujibu wa hadithi anaweza kumdai chochote. Yaani gharama zimeandikwa. Sasa niambie, mara ngapi umeona kiongozi wa mchezo akichoma kitabu cha mhusika? Anaona haya, na mimi namwelewa. Mwenzako ametumia miezi minane kukijaza. Mara ngapi bwana wa mkataba amepiga hodi usiku wa manane kudai chake? Sisi tuliosomeshwa kwa mkopo wa elimu ya juu tunajua mkopeshaji hasahau. Kwenye michezo anasahau kila siku. Deni lipo kwenye karatasi, hakuna anayelikusanya, na baada ya hapo tunakaa kubishana kwa nini mizani imelala upande mmoja.

Hapa ndipo Buha inapoingia.

Tawala za Waha, kama Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo na Buyungu upande wa Kakonko, zilikuwa chini ya abami waliokuwa na ng'ombe na walioshika utawala wa watu. Ukisoma historia ya shule ukaishia hapo, utadhani mwami alikuwa ndiye kila kitu. Hakuwa. Kulikuwa na umuteko, mtu wa ardhi, ambaye ukoo wake ulikuwepo kwenye kilima husika kabla ya mwami kuja. Yeye ndiye aliyempa mgeni mahali pa kulima. Yeye ndiye aliyesimama kati ya watu na pepo wa mahali pale, na utawala ulipobadilika yeye alibaki, kwa sababu ardhi haikubadilika. Mwanahistoria Michele Wagner ameandika vizuri juu ya watu hawa na mazingira ya Buha, katika kitabu cha pamoja kilichotoka mwaka 1996 kiitwacho Custodians of the Land, na namshauri kila anayetunga hadithi za nguvu zisizoonekana amtafute.

Pembeni ya mteko alikuwepo mfumu, anayepiga ramli na kutibu. Huyu hakufungwa na kilima kimoja. Alifungwa na sifa: akikosea, mgonjwa anapelekwa kwa mfumu mwingine, na habari zinatembea haraka kuliko miguu. Na alikuwepo umurozi, ambaye Kiswahili kinamjua kwa neno la shina lile lile, mlozi. Huyu ndiye anayeloga.

Zingatia tofauti kati ya hawa. Mteko ana nguvu nyingi mahali padogo na hana kitu nje ya hapo. Mfumu ana nguvu za wastani mahali popote, ila yupo mikononi mwa wateja. Mwami ana watu na ng'ombe, lakini hawezi kuiamuru ardhi bila kumpitia mteko. Hakuna anayeweza kusema nani zaidi, kwa sababu swali lenyewe halina mguu. Inategemea umesimama wapi na unataka nini. Na umurozi je? Umurozi hana kiti kwenye orodha hii. Hakuna mtu aliyejitambulisha kwa wakwe kwamba kazi yake ni umurozi. Hilo ni jina unaloitwa na wengine, mara nyingi usipokuwepo.

Nikiyasema haya mbele ya watu wa vikokotoo, wananijibu kwamba hiyo ni anthropolojia, mchezo ni mchezo. Basi niwape mchezo. Kwa karibu mwaka mzima tulikuwa na meza yetu Kibondo, Jumamosi jioni, watu watano: mwalimu wa sekondari aliyeongoza hadithi, mhandisi wa maji, karani mmoja, nesi mwenyeji wa Kasulu, na mimi. Tulikuwa tumeamua hadithi itokee Buha ya zamani badala ya misitu ya Ulaya ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuiona. Mwalimu akaanza kugawa karatasi za wahusika alizozitafsiri mwenyewe, na kwenye ya nesi akawa ameandika, kwa nia njema kabisa, "Fani: mchawi."

Dada wa watu aliisukuma karatasi katikati ya meza. "Mwalimu, andika chochote upendacho, ila hilo neno usiniandikie. Bibi yangu aliandikiwa hilo." Hakufafanua, na hakuna aliyemuuliza. Kwa mtu wa Kasulu sentensi hiyo haihitaji maelezo.

Akapendekeza awe mteko. Kanuni aliyoiomba ilikuwa fupi: ndani ya vilima vyake anaweza kuiuliza ardhi jambo lolote na itamjibu, anaweza kuufunga mlango wa mvua, anaweza kumnyima njia mtu asiyemtaka. Nje ya vilima hivyo, hana hata ndumba moja. Mhandisi, ambaye mhusika wake alikuwa msomi wa vitabu aliyetoka pwani na msafara, alitoa simu akaanza kupiga hesabu. Kwanza akalalamika kwamba dada amependelewa mno. Baada ya dakika mbili akalalamika kwamba amepunjwa mno.

"Sasa tukishuka kwenda kutafuta chumvi Uvinza, dada utafanya nini?"

"Nitakuwa mgeni," akamjibu, "kama wewe ulivyo hapa kwetu."

Tulicheza. Wiki za mwanzo, tukiwa vilimani, mteko alitisha; tulimfuata kama vifaranga. Kisha tukateremka kufuata chumvi, na mle njiani akawa mama mwenye fimbo tu, anayejua kusalimia watu. Ajabu ni kwamba hapo ndipo tulipomhitaji zaidi. Kila ardhi tuliyoikanyaga ilikuwa na mteko wake, na ni yeye peke yake aliyejua namna ya kufika kwa mtu wa aina hiyo: unasimama wapi, unatanguliza zawadi gani, nani anaanza kusema. Mhandisi alikuwa na moto viganjani lakini hakuwa na pa kulala.

Kanuni iliyobadilisha kila kitu, hata hivyo, ilikuja kwa bahati. Siku moja, tukiwa tumerudi vilimani, msomi wa mhandisi alichoma pori zima ili kuwatoa wezi wa ng'ombe waliojificha humo. Kwa majedwali yake ilikuwa zamu nzuri ajabu. Mwalimu akafikiri kidogo, akamgeukia nesi: "Ardhi inakudai wewe. Ndiye uliyemkaribisha." Kuanzia hapo ikawa sheria ya meza: anachokifanya mgeni juu ya ardhi kinahesabiwa kwa mwenyeji aliyempokea. Mvua ikachelewa. Watu wa kilima wakaanza kumtazama mteko vibaya, na yeye akamtazama mhandisi, na mhandisi, bila kupunguziwa ndumba hata moja, akaacha kuchoma ovyo. Alianza kuuliza kabla ya kufanya. Miezi miwili nyuma alikuwa anadai fani yake ipunguziwe nguvu au ya dada iongezwe; sasa hakukumbuka tena kikokotoo, kwa kuwa swali lililomkabili lilikuwa gumu zaidi: nikifanya hivi, nani atalipa?

Naomba nisieleweke vibaya. Tarakimu zina kazi yake. Mchezaji aliyekaa saa tatu bila zamu yake kuwa na maana anaonewa, na huwezi kumtuliza kwa hotuba ya uwajibikaji. Nimekaa kwenye meza kama hizo, nikaishia kula karanga zote. Lakini hata huko Marekani kuna waliolijua jibu mapema. Ars Magica, mchezo wa mwaka 1987 wa Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen, ulikiri waziwazi kwamba wachawi wake wana nguvu kuliko wenzao, ukaacha kujifanya. Uliwapangia wachezaji kupokezana: leo wewe una mchawi, mimi nina mlinzi wake, wiki ijayo tunabadilishana. Nguvu hazikulingana. Watu ndio waliolingana. Huyo huyo Tweet baadaye aliongoza kazi ya toleo la tatu la Dungeons & Dragons, lile la jedwali moja kwa wote. Maisha yana kejeli.

Sasa kuhusu neno.

Mwaka 2002 kampuni ya Atlas Games ya Marekani ilitoa kitabu kiitwacho Nyambe, cha Christopher Dolunt, kilichojaribu kuipa michezo hii sura ya Afrika. Nakiheshimu kwa kujaribu. Lakini fani ya msomi wa kitabu, yule ambaye Kiingereza kinamwita wizard, humo imepewa jina mchawi. Neno letu kabisa, limechukuliwa kamusini. Miaka kumi hivi baadaye Kevin Crawford akatoa Spears of the Dawn, akaiita fani mojawapo nganga. Huyu amekaribia zaidi, angalau shina la neno lake lipo kwenye mganga wetu. Wageni siwalaumu sana. Nawalaumu wenzangu wanaojua Kiswahili tangu utotoni na bado wanatafsiri msomi mchawi, mrithi mchawi, mtu wa mkataba mchawi, bibi kizee wa hadithi za Ulaya mchawi. Kiingereza kina maneno manne, matano, na kila moja linasema nguvu zimetoka wapi. Sisi tunayafinyanga kuwa tusi moja.

Kufinyanga huko kuna historia, tena ya kisheria. Sheria ya Uchawi tunayoitumia mpaka leo asili yake ni ya Mwingereza, ya mwaka 1928. Tafsiri yake ya uchawi inakusanya kila kitu kwenye kapu moja: kuloga, kuroga kwa maneno, kutumia vifaa, hata kudai tu kwamba unazo nguvu au elimu za siri. Kwa kitabu hicho cha kanuni, mteko anayeombea mvua na mtu anayetega sumu wapo kwenye fani moja. Ilipofika mwaka 2002 Bunge letu likatunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, mganga akatengwa, akapewa baraza na usajili. Hatua nzuri. Lakini mteko hakurudi. Isitoshe, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilikuwa imeshawatoa Waha kwenye vilima walikokuwa wametawanyika na kuwapanga kando ya barabara. Mtu ambaye nguvu zake zote ni mahali, ukiwahamisha watu kutoka mahali pale, umemfanyia nini? Umemfanya yule mama mwenye fimbo njiani kwenda Uvinza.

Na pengo halikai tupu. Kamchape, au lambalamba kama wengine wanavyowaita, si wazawa wa Kigoma. Mchape ilianzia Nyasaland ya miaka ya 1930 na kusambaa. Audrey Richards aliiandika mwaka 1935 ilipokuwa Rhodesia ya Kaskazini, wakati watambuzi walipokuwa wanawatazama watu kwa kioo, na Roy Willis akaiandika tena mwaka 1968 ilipokuwa Ufipa. Leo inazungumzwa kwenye vijiji vya mkoa wetu. Utaratibu unafahamika: wanatoka mbali, wanaitwa na watu waliochoka na vifo wasivyovielewa, wanachangiwa fedha, wanaingia kwenye nyumba, wananyoosha kidole, wanaondoka. Kama mwandishi wa habari nimekaa kwenye mikutano ya kijiji baada ya wao kupita. Unamkuta aliyeoneshwa kidole amekaa nyuma kabisa, karibu na ukuta, na majirani wa miaka thelathini hawamtazami. Kidole kimebaki, mwenye kidole yupo wilaya nyingine.

Tazama basi kama mtu wa michezo. Hii ndiyo fani isiyo na mizani hata kidogo: nguvu kubwa, mahali popote, bila mwenyeji wa kuidhamini, bila mteja wa kesho wa kuiogopa. Hakuna kikokotoo kitakachokuonesha kasoro yake, kwa sababu kwenye karatasi haina hata moto wa kiganjani. Kasoro ipo kwenye mstari ambao hatukuuandika, mstari unaosema nani atalipa. Pale Kabanga, Kasulu, shule iligeuka kimbilio la watoto wenye ualbino waliokuwa wanawindwa kwa sababu mtu fulani, mahali fulani, alimwambia mteja wake kwamba kiungo cha mtoto kitamletea mali. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli chonganishi. Watoto walikuwa wameshafika Kabanga muda mrefu.

Kwa hiyo mtu akiniambia "ni mchezo tu, mchawi ni neno tu," namwomba aje alisome kwa sauti sokoni Kasulu akimwelekezea mama wa mwenzake.

Fasihi yetu imeshatuonesha namna bora. Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, tamthilia ya mwaka 1969, ni hadithi ya mtu wa mkataba kuliko yoyote niliyoisoma kwenye vitabu vya michezo. Anachukuliwa na Hongo mtoni, anarudi na maji, na tangu hapo nguvu si zake tena. Zinamdai. Watu wanataka vita kabla hajawa tayari, neno alilolisema halirudi, na mwisho hawezi hata kulikana, kwa sababu kulikana ni kuwaua mara ya pili waliokwisha kuliamini. Hussein hakuhesabu madhara kwa zamu. Alihesabu deni, na ndiyo maana kila nikiisoma natetemeka, wakati wachawi wengi wa hadithi zetu mpya za kubuni, wenye moto na radi na macho ya bluu, nawasahau kabla chai haijapoa.

Meza yetu ilivunjika, kama meza zote: mwalimu alihamishwa, karani akaoa. Karatasi za kanuni ninazo. Fani zake ni hizi: mteko, mfumu, msomi wa vitabu, mrithi kwa yule aliyezaliwa nazo, na mwenye maagano kwa yule wa mkataba, jina ambalo bado halijaniridhisha na nitashukuru nikipewa jingine. Kila fani ina mistari miwili ya lazima kujazwa kabla hujaandika ndumba yoyote: "Nguvu zangu zinaishia wapi" na "Nani analipa nikikosea". Mchezaji akiacha mmoja wazi, harushi dadu.

Mchawi hayumo kwenye orodha ya fani. Lipo sanduku dogo pembeni, upande wa kulia, ambalo mchezaji haruhusiwi kuliandika. Hulijaza kiongozi wa mchezo kwa penseli, kidogo kidogo, kila kijiji kinapopoteza imani na mhusika, na hata mpiganaji asiye na ndumba yoyote linaweza kumjaa. Kufuta ni kazi ya wachezaji wengine, kwa kumdhamini mwenzao mbele ya watu, na kila anayedhamini anaandikiwa alama moja kwenye sanduku lake mwenyewe. Kwenye karatasi ya nesi kulikuwa na alama tatu za lile pori lililoungua. Mbili zilifutwa na mhandisi.